Kifungu Kilichogeuka Kifungo

Mwenyekiti wa jioni hii, wazee wangu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokosa viti mkaketi kwenye ngazi: shikamooni walio wakubwa kwangu, na wadogo marahaba, hata wale ambao bado hamjaniamkia.

Nimeombwa niseme juu ya mfungwa wa kisiasa aliyepambana na ubaguzi wa rangi. Bango pale mlangoni lina picha ya Mzee Mandela. Aliyelitengeneza hakuniuliza, wala simlaumu. Ukitaja makaburu, ukataja jela, ukataja Robben Island, jina linalotangulia mdomoni ni hilo. Lakini leo ni Machi 21, na siku hii ina mwenyewe. Mwenyewe ni Robert Mangaliso Sobukwe. Wangapi hapa mnamjua? Inueni mikono, msione haya. Saba. Na watatu kati yenu ni wazee walioishi Dar es Salaam hii wakati wapigania uhuru wamejaa Magomeni na Upanga, kwa hiyo siwahesabu.

Sobukwe alizaliwa Graaff-Reinet, mji mdogo wa nyanda kavu za Cape, Afrika Kusini, Desemba 5, 1924. Mangaliso, kwa Kixhosa, ni jambo la kustaajabisha. Alisoma Healdtown, kisha Fort Hare, chuo kilichowapitisha viongozi wengi wa kusini mwa Afrika, na mwaka 1949 alikuwa rais wa wanafunzi pale. Akafundisha sekondari mjini Standerton. Mwaka 1954 akapata kazi katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kufundisha Kizulu. Wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu. Cheo chake hakikuwa cha mhadhiri. Aliitwa msaidizi wa lugha, maana katika nchi ile Mwafrika alikuwa msaidizi hata wa lugha yake mwenyewe. Wenzake walimwita Prof.

Naomba mlishike hilo la lugha. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, huenda navutia upande wangu, lakini naamini huwezi kumwelewa Sobukwe ukisahau kwamba kazi yake ilikuwa maneno. Alipinga kwa maneno, na walipomwadhibu, walimwadhibu kwenye maneno.

Aprili 1959, katika ukumbi wa Orlando, Soweto, kilianzishwa chama cha PAC, yaani Pan Africanist Congress, naye akachaguliwa rais. Walikuwa wamejitoa ANC, chama cha Mandela. Ugomvi ulikuwa mrefu na sitaumaliza hapa, ila kiini chake ni hiki: mwaka 1955, kule Kliptown, ANC na washirika wake walipitisha Hati ya Uhuru iliyosema kwamba Afrika Kusini ni mali ya wote wanaoishi humo, weusi kwa weupe. Kundi la Sobukwe likauliza: ardhi iliyonyang'anywa, leo tunatangaza kuwa ni ya mnyang'anyi na mnyang'anywa sawasawa? Halafu walikataa lile wazo la kuihesabu nchi kwa mafungu, Waafrika fungu lao, Wahindi lao, machotara lao, Wazungu lao, kila fungu na chama chake, kisha mafungu yakae kamati moja. Sobukwe aliona kwamba huko ni kukubali hesabu ya kaburu, ukabishania majibu tu.

Katika hotuba ya siku ile alisema kwamba kuna mbari moja tu, ya binadamu, na kwamba katika msamiati wao neno hilo, likitumika kwa watu, halina wingi. Halina wingi! Sikilizeni mwalimu wa sarufi akipiga siasa. Mwanasiasa mwingine angesema sote ni ndugu, watu wakapiga makofi wakaenda zao. Yeye alikwenda kwenye mzizi: neno lenyewe, *race* kwa Kiingereza chao, lina umoja na wingi, naye akaufuta ule wingi.

Sasa ninyi mnaosoma Kiswahili, nipeni wingi wa binadamu. Binadamu mmoja, binadamu wawili, binadamu elfu kumi. Neno halibadiliki. Mwana wa Adamu ni mwana wa Adamu. Lakini tusijisifu mapema. Lugha hiyohiyo ilitupa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mji huu tuliomo ulipimwa kwa kanda tatu namna hiyo wakati wa Mwingereza. Oyster Bay haikupata upepo mzuri kwa bahati. Na hata leo, bei ikipanda Kariakoo, nasikia vijana wakisema "Wahindi wale" kwa sauti ambayo siipendi. Wingi tunao, tena tunautumia.

Nani basi alikuwa Mwafrika, kwa Sobukwe? Alijibu: kila ambaye utii wake ni kwa Afrika peke yake, na aliye tayari kukubali utawala wa kidemokrasia wa walio wengi, ambao ni Waafrika. Hakutaja ngozi. Waliomwita mbaguzi, nao walikuwa wengi, wa kulia na wa kushoto, jibu hilo walilisikia wakaliruka.

Nije kwenye Machi 21. Mwafrika wa kule alilazimishwa kutembea na pasi. Mwanamume akitimiza miaka 16, pasi; na katika miaka ya 1950 wakaanza kuwatwisha na wanawake. Humo mliandikwa jina, kabila, mwajiri, na ruhusa ya kuwapo mahali ulipo. Askari akikusimamisha huna, ni jela. Watu waliiita *dompas*, pasi ya kipumbavu. Sisi neno tunalo la zamani: kipande. Wazee wa mashamba ya mkonge wa Tanga wanakijua kipande, kadi ya kuhesabia siku zako za kibarua. Wakenya walikijua zaidi, kwani tangu 1920 mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, kama kengele ya mbuzi. Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kumdai Harry Thuku, aliyekamatwa kwa kupinga mambo hayohayo, wakapigwa risasi. Mpaka leo Mkenya anakiita kitambulisho chake kipande, akicheka, pengine bila kujua anachokicheka.

Kwa hiyo msidhani hadithi ya Sharpeville ni ya mbali. Kituo cha polisi, kipande, mwezi wa Machi, risasi. Miaka 38 kati yake.

Mpango wa Sobukwe ulikuwa mwepesi mno, na wapo waliomlaumu kwa wepesi huo. Acheni pasi nyumbani. Nendeni kituo cha polisi mikono mitupu. Semeni: hatuna pasi, tukamateni. Msiombe dhamana, msiweke wakili, msilipe faini. Magereza yajae hadi sheria ishindwe kufanya kazi. Alimwandikia mkuu wa polisi mapema kumjulisha kwamba kampeni itakuwa ya amani. Akaandika barua ya kuacha kazi chuoni, kazi ambayo Waafrika waliokuwa nayo nchi nzima ulikuwa unaweza kuwahesabu kwa vidole. Asubuhi ya Jumatatu, Machi 21, 1960, akatoka nyumbani kwake Mofolo, Soweto, kwa miguu pamoja na wenzake, hadi kituo cha Orlando, akajitoa akamatwe.

Kiongozi anayewaambia watu wafungwe, kisha yeye akatangulia. Nimeishi na viongozi wa namna nyingi, sitaendelea hapo.

Sharpeville iko kusini mwa Johannesburg, karibu na Vereeniging. Huko nako watu walikwenda kituoni. Mchana polisi wakawafyatulia risasi, wakauawa watu 69, na wengi wa waliopigwa walipigwa mgongoni. Mgongoni, maana yake walikuwa wanakimbia. Langa, Cape Town, nako walikufa watu. Siku tisa baadaye kijana mwanafunzi wa miaka 23, Philip Kgosana, aliongoza watu wapatao 30,000 kuingia katikati ya Cape Town, akaahidiwa kuonana na waziri, akawarudisha watu nyumbani kwa amani, na aliporudi kwa miadi akatiwa mbaroni. Aprili 8, ANC na PAC zikapigwa marufuku zote mbili. Umoja wa Mataifa uliitangaza Machi 21 kuwa siku ya kupinga ubaguzi wa rangi duniani, ndiyo maana tuko hapa na soda za bure.

Mahakamani Sobukwe alikataa kujibu shtaka. Hoja yake: sheria hii imetungwa na Wazungu peke yao, mimi sina mkono ndani yake, siwezi kuiheshimu kama sheria. Akahukumiwa miaka mitatu. Huko Pretoria alikutana na Mandela, wakawa wanakaa pamoja wakishona mifuko ya posta. Nawaomba mpige picha hiyo: viongozi wa vyama viwili visivyoivana, kila mmoja na sindano yake.

Miaka mitatu toka Mei 1960 inaisha Mei 1963. Na hapa kuna kejeli inayouma, kwa sababu PAC walikuwa wakiwaambia watu kwamba mwaka wa uhuru ni 1963. Uhuru '63! Ulipofika, serikali ikakimbiza bungeni muswada. Ndani yake mlikuwa na kifungu kinachompa Waziri wa Sheria, B. J. Vorster, mamlaka ya kuendelea kumshikilia mtu aliyemaliza kifungo chake, bila kesi mpya, bila kosa jipya, na bunge likiridhia kila mwaka, basi mwaka hadi mwaka. Sheria hiyohiyo iliruhusu polisi kumweka mtu kizuizini siku 90 bila mashtaka. Mbunge mmoja tu, Helen Suzman, ndiye aliyepiga kura ya kuipinga.

Kifungu kile kiliitwa Kifungu cha Sobukwe. Kilishonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na hakikuvaliwa na mwingine yeyote. Kaburu alikuwa na mizinga, ndege, dhahabu, na bunge zima la Wazungu, na bunge hilo likawa linakaa kila mwaka kujadili kama mwalimu wa Kizulu arudi kwake au asirudi.

Wakampeleka Robben Island. Hakutiwa kwenye seli. Alipewa nyumba. Ilikuwa nyumba ndogo peke yake, yenye uzio na walinzi, mbali na jengo la wafungwa. Alivaa nguo zake. Alipata vitabu, na barua zilizokwisha kusomwa na wengine. Alisoma uchumi kwa posta, akapata shahada ya Chuo Kikuu cha London. Ukimweleza mtu hivi anakuambia: mbona afadhali? Wenzake walikuwa wanachimba chokaa juani.

Nami niliwahi kufikiri hivyo. Lakini wale wa kwenye chokaa walikuwa na kitu. Walikuwa na mwenzao wa kumwambia "leo jua kali". Walibishana, walifundishana, waliimba, walitaniana, waligombana kwa ajili ya siasa na kwa ajili ya sabuni. Yeye hakuwa na wa kugombana naye. Alikatazwa kusema na mfungwa yeyote, na walinzi walikatazwa kupiga soga naye. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka sita.

Likizo moja nilijaribu. Nilijiambia, mwalimu, kaa siku moja bila kusema neno. Saa nne asubuhi mama wa maziwa akabisha hodi. Nikaitikia "karibu" kabla sijakumbuka. Saa nne!

Waswahili tunasema mtu ni watu. Wazulu na Waxhosa wanayo methali ya namna hiyo hiyo, na pengine Sobukwe aliifundisha darasani. Adhabu yake ilikuwa kuondolewa wale watu, abaki mtu. Helen Suzman alipomtembelea kisiwani, Sobukwe alimwambia kwamba anasahau namna ya kuongea. Mwenye kazi ya lugha anasahau kuongea! Mimi nikisoma habari za mateso, mkanda na umeme, nakasirika kama kila mtu. Hiyo moja inaninyamazisha.

Wafungwa walikuwa wakipita karibu na uzio wake wakienda kazini. Hawaruhusiwi kusema, naye haruhusiwi. Basi alikuwa akiinama, akachota udongo, akaunyanyua, akauachia umiminike kati ya vidole. Tu. Wao wakapita. Waliokuwa wanachama walielewa, maana kilio chao kilikuwa *Izwe lethu*, nchi yetu. Sikilizeni *lethu* hiyo. Kiondoeni kipumzi kile cha *h*, inakuwa *letu*. Mmakonde, Mnyamwezi, Mpare, Mkikuyu, kila mmoja hapa angemwelewa bila mkalimani.

Mkewe alikuwa Zondeni Veronica, muuguzi, mtu wa msimamo tangu ujana, aliyekuwa katika mgomo wa wauguzi wanafunzi huko Lovedale kabla hata hawajaoana. Walikuwa na watoto wanne, wawili wa mwisho mapacha. Mmoja wa wavulana aliitwa Dinilesizwe, sadaka ya taifa. Aliitwa hivyo kabla ya hayo yote, msije mkadhani ni utabiri uliopambwa baadaye. Baadaye watoto waliruhusiwa kwenda likizo kukaa na baba yao siku chache, na vitanda vyao bado vimo ndani ya nyumba ile. Veronica ndiye aliyeandika barua kwa wakubwa, barua juu ya barua, kudai mumewe atibiwe, kudai aachiwe. Alifariki mwaka 2018. Magazeti ya kwetu, yale niliyoyaona, hayakuandika hata mstari.

Mei 1969 wakamtoa kisiwani. Kumtoa si kumwachia. Wakampeleka Kimberley, mji wa almasi asioujua, wakamweka mtaa wa Galeshewe, na amri: jioni hadi asubuhi haruhusiwi kutoka nyumbani, haruhusiwi kukaa na kundi la watu, na alichosema kisichapwe na gazeti lolote nchini. Akapata nafasi ya kufundisha chuo kikuu Marekani. Akaomba ruhusa. Wakampa hati ya kuondoka Afrika Kusini moja kwa moja, asirudi tena. Ila ile amri ya kutotoka Kimberley hawakuifuta. Kwa hiyo ruhusa ya kutoka nchini anayo, ruhusa ya kufika uwanja wa ndege hana. Alikwenda mahakamani, na majaji, watu wazima wenye majoho, wakasema ndivyo sheria ilivyo.

Akajifunza sheria. Mwaka 1975 akafungua ofisi yake ya uwakili Kimberley, akiwatetea watu wa Galeshewe. Mwaka 1977 mapafu yakamwangusha. Ilikuwa saratani, na hata safari ya kwenda hospitali mji mwingine ilihitaji kibali. Alifariki Februari 27, 1978, na miaka 53. Akazikwa Graaff-Reinet alikozaliwa. Kaburi lake limevunjwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Wanaovunja kaburi wanajua walitendalo: mtu hahangaiki na aliyesahaulika.

Dakika zangu zinaisha, lakini siwezi kuondoka bila ya hapa nyumbani. PAC walihamishia ofisi zao mji huu, chini ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kambi yao ilikuwa Masuguru, Bagamoyo. Sitawapamba. Waligombana wao kwa wao vibaya sana. Juni 1979, mwaka mmoja tu baada ya Sobukwe kuzikwa, kiongozi wao David Sibeko alipigwa risasi hapahapa Dar es Salaam, na waliompiga walikuwa wa chama chake. Wazee wanakumbuka mshtuko ule. Chama alichokijenga mtu wa maneno kilishindwa kuongea chenyewe kwa chenyewe, na hilo linachangia kwa nini mikono ilikuwa saba pale mwanzo. Walioshinda huandika mabango.

Na kuna jambo dogo la mwisho. Nchi waliyoipigania hawakutaka kuiita Afrika Kusini. Hiyo, walisema, ni dira, si jina. Waliiita Azania. Mnajua jina hilo limetoka wapi? Mabaharia wa Kiyunani wa karne ya kwanza waliliandika kwenye kitabu chao cha njia za bahari, na waliloliita Azania ni pwani hii, yetu, hadi soko la mwisho lililoitwa Rhapta. Ukishuka Kivukoni utaona kanisa la Kilutheri la Azania Front linatazama bahari ileile. Ndugu zetu walilichukua jina letu wakalipeleka kusini, wakaliimba jela, wakafa nalo. Walilipata kwa haki au kwa kukosea ramani? Wanahistoria watabishana, nami napenda wabishane.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuingie kwenye maswali. Naona kijana yule mwenye sare ameinua mkono tangu nilipotaja Azania, jina la shule yake. Mpeni kipaza sauti. Usiogope mwanangu, sema.